Kozi ya Misingi na Falsafa ya Akili Unde, Mkomani: Jioni Sita na Malalamiko Mawili

Kozi hii ilifundishwa kwa jioni sita, mbili kila wiki, kuanzia baada ya sala ya Isha hadi saa nne na robo za usiku, katika chumba cha juu cha nyumba ya mawe mtaani Mkomani, mjini Lamu. Ada ilikuwa shilingi 3,000, kahawa ya tangawizi na kaimati zikiwemo. Tangazo lilisema ni utangulizi wa misingi na falsafa ya akili unde, ile inayoitwa kwa Kiingereza artificial intelligence, kwa watu ambao hawakusomea kompyuta, na kwa sehemu kubwa ahadi hiyo ilitimizwa. Waandaaji na mwalimu sitawataja kwa majina, kwa sababu pamoja na sifa nyingi nina malalamiko mawili mazito, na hayo nimeshawaambia wenyewe ana kwa ana. Naandika kwa ajili ya mtu anayefikiria kujiandikisha katika awamu ijayo, ajue atakachokipata na atakachokikosa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na kilichonipeleka huko ni insha. Muhula uliopita nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha tatu kuhusu namna jahazi linavyoundwa. Sarufi haikuwa na doa, aya zilifuatana vizuri, na methali mbili zilizotumika zilikaa mahali pake. Katika aya ya nne, hata hivyo, iliandikwa kwamba jahazi likishashushwa majini na kutwekwa tanga, ndipo mafundi wanapoanza kulitia kalafati. Mtoto yeyote aliyepita Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, amewaona mafundi wakishindilia pamba kwenye maungio ya mbao chombo kingali juu ya magogo, nchi kavu, kwa sababu chombo ambacho hakijatiwa kalafati kikiteremshwa kitajaa maji kabla hakijafika mbali. Mwanafunzi alikiri kwamba insha iliandikwa na programu ya kwenye simu. Udanganyifu una adhabu yake na haukunisumbua sana. Kilichonikosesha usingizi ni swali nililoshindwa kulijibu: kilichoiandika sentensi ile kilikuwa kinajua nini na hakijui nini, na je, neno "kujua" lina haki ya kutumiwa hapo?

Nilipofika jioni ya kwanza nilitarajia kuonyeshwa skrini. Badala yake tulikaa mikekani, watu ishirini na wawili, wanawake tukiwa tisa, na kwa saa nzima tukazungumzia maneno matatu tu yanayotumika kwa kitu hicho kimoja: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Naomba niseme wazi kwamba hii ilikuwa saa bora kabisa ya kozi nzima, na kama ningelipwa kuipima hiyo peke yake ningeipa alama zote. Mwalimu alituuliza tunasema "bandia" kwa vitu gani. Tukataja mtoto wa bandia, ambaye hana uhai hata kidogo, na meno ya bandia, ambayo hutafuna nyama kama meno mengine. Kumbe neno moja linabeba mambo mawili yanayopingana: kitu kinachofanana na kingine bila kufanya kazi yake, na kitu kinachofanya kazi yenyewe ingawa asili yake ni nyingine. Anayesema akili bandia hajatuambia bado ni mfano wa mtoto au ni mfano wa meno. Akili mnemba, ambalo husikika sana Tanzania, lilipata dakika chache. Lakini "unde" lilituweka kitako, kwa kuwa Lamu kuunda ni kazi tunayoiona kwa macho. Jahazi huundwa, na hakuna mtu anayeliita la uongo kwa sababu hiyo, maana linaelea kweli na linabeba shehena kweli. Nahodha mmoja mzee aliyekuwa ameketi karibu na dirisha akasema, "Chombo huundwa, mwalimu, lakini hakijiamulii kwenda Faza." Mwalimu alimshukuru, kisha akatueleza kwamba mwaka 1843 Ada Lovelace, Mwingereza aliyeandika maelezo juu ya mashine ya hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage, alisema jambo la jamii hiyo hiyo: kwamba mashine ile haidai kuanzisha chochote, inafanya tu kile tunachojua kuiamuru ifanye. Nilipenda namna alivyolipa neno la mzee wetu uzito sawa na la Lovelace.

Mwisho wa jioni hiyo ndipo alipotaja chimbuko la jina lenyewe kwa Kiingereza, katika pendekezo la mwaka 1955 lililoandikwa na John McCarthy, Marvin Minsky, Nathaniel Rochester na Claude Shannon ili kuomba fedha za mkutano wa majira ya joto uliofanyika chuoni Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Pendekezo hilo lilisimama juu ya dai moja, nalo ni kwamba kila upande wa kujifunza, na kila sifa nyingine ya akili, inaweza kimsingi kuelezwa kwa usahihi kiasi cha mashine kuweza kuundwa iuige. Mwalimu alilisoma dai hilo mara mbili na kututaka tulibebe hadi mwisho wa kozi, hasa yale maneno "kuelezwa kwa usahihi". Alifanya vizuri, kwa sababu karibu kila ubishi uliofuata ulirudi hapo.

Jioni ya pili ilihusu mizizi. Tulianza na al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya tisa, ambaye jina lake likipita katika Kilatini lilizaa neno algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kutatua tatizo, na ambaye kitabu chake kiliipa dunia neno aljebra. Chumba kilichangamka, na ilikuwa rahisi kwa mwalimu kutupamba kwa sifa zisizo zetu, lakini alisema waziwazi kwamba al-Khwarizmi hakubuni mashine yenye akili. Alichotuachia ni mazoea ya kulitatua tatizo kwa hatua zinazoweza kufuatwa na mtu yeyote. Kutoka hapo tukaenda kwa Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, aliyeandika mwaka 1637 kwamba mashine ingeweza kutengenezwa itoe maneno, lakini isingeweza kuyapanga kwa namna mbalimbali ili kuijibu maana ya yote yanayosemwa mbele yake. Wanahisabati Leibniz na Boole walipitiwa haraka, na sikuona hasara.

Kisha ikaja mashine ya kufikirika ya mwanahisabati Mwingereza Alan Turing ya mwaka 1936, na hapa ndipo nilipomwona mwalimu ni fundi wa kazi yake. Alipanga komwe za bao kwa mstari juu ya mkeka: tatu, nafasi moja tupu, kisha nne. Akamwita kijana mmoja anayeendesha boti za abiria, akampa kadi yenye pande mbili. Upande wa kwanza ulisema: ukiona komwe, songa kulia, ukiona pengo, weka komwe, songa kulia, geuza kadi. Upande wa pili ulisema: ukiona komwe, songa kulia; ukikuta patupu, rudi hatua moja, ondoa komwe, simama. Umeme ulikatika wakati kijana ameshika kadi mkononi, taa ya chemli ikawashwa, na yeye akaendelea kusogeza kidole juu ya komwe moja baada ya nyingine bila kuinua kichwa. Alipomaliza aliulizwa amefanya nini. Akajibu, "Nimefuata kadi." Amehesabu? "La, mwalimu, nimeziba pengo nikatoa moja." Mwalimu akamwambia azihesabu zilizobaki. Zilikuwa saba. Alikuwa amejumlisha tatu na nne bila kuwaza namba hata moja. Kimya kilichofuata nakikumbuka hadi leo. Nimesoma maelezo ya mashine ya Turing mara kadhaa tangu hapo, na hakuna lililonielewesha kuliko kile kidole kwenye mwanga wa chemli: alama, kanuni, hali inayobadilika kadi inapogeuzwa, na kazi inakamilika bila anayeifanya kujua ni kazi gani.

Jioni ya tatu ilikuwa ya mchezo wa kuiga ambao Turing aliupendekeza mwaka 1950. Badala ya kubishana kama mashine inafikiri, alisema, mweke muulizaji mbali na wawili wanaomjibu, mmoja mtu na mmoja mashine, awasiliane nao kwa maandishi, tuone kama atawatofautisha. Alikisia pia kwamba baada ya miaka hamsini hivi muulizaji wa kawaida, akipewa dakika tano, asingekuwa na nafasi zaidi ya asilimia 70 ya kutambua sawasawa. Tuliucheza. Nyuma ya mlango alikaa mshiriki mmoja na simu yenye programu ya mazungumzo, majibu yakiletwa kwa vikaratasi vilivyonakiliwa kwa mwandiko mmoja. Bibi mmoja anayefuma kofia alitega kitendawili, "Nyumba yangu haina mlango," na vikaratasi vyote viwili vikarudi na "yai". Akafikiri kidogo, akatunga chake papo hapo: "Mzee wetu amebeba mji mzima, wala hamiliki hata jiwe." Karatasi moja ilirudi na "ramani". Nyingine ilirudi na "punda". Watu wakaangua kicheko cha furaha, maana katika mji huu mawe, mchanga na mifuko ya saruji hupita vichochoroni mgongoni mwa punda, na kila mtu alijua ni karatasi ipi ya nani.

Ninachomsifia mwalimu ni kwamba hakuiacha hoja iishie kwenye kicheko. Aliuliza kama "ramani" ni jibu baya. Tukalichunguza na kuona kwamba kwa kweli ni jibu zuri. Ramani imebeba mji wala haina jiwe. Basi nani anayeamua jibu la kitendawili? Bibi akasema, "Anayeamua ni waliokaa pamoja, mwanangu." Hapo nikaanza kuona kwamba mchezo wa Turing haupimi akili ikiwa peke yake, unapima pia ni maisha gani muulizaji na mjibu wanayashiriki, na mtu wa Chicago angeshindwa kitendawili kile pamoja na mashine. Nilitamani tungekaa hapo zaidi. Tulihamia kwa mtaalamu wa kompyuta Joseph Weizenbaum, ambaye mwaka 1966 alieleza programu yake iitwayo ELIZA, iliyogeuza maneno ya mtu kuwa maswali kwa kanuni chache sana. Katibu wake mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka kiasi cha kugeuka kuwa mkosoaji wa fani yake. Mwalimu alisema kisa hiki kinatuhusu sisi binadamu zaidi ya kinavyoihusu mashine, na nakubaliana naye.

Jioni ya nne ndiyo ningependa kila mzazi wa Lamu aihudhurie. Mada ilikuwa hoja ya mwanafalsafa John Searle ya mwaka 1980. Mtu asiyejua Kichina hata herufi moja amefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Anapokea karatasi zenye alama za Kichina, anatafuta katika kitabu alama zipi zirudishwe, anazirudisha, na walioko nje wanaamini wanazungumza na Mchina. Searle anasema mtu huyu haelewi Kichina, na kwa kuwa kompyuta inafanya hayo hayo, kuendesha programu peke yake hakuwezi kuwa kuelewa. Kabla mwalimu hajamaliza, ustadhi mmoja wa madrasa aliinua mkono. Alisema jambo hili hapa mjini haliihitaji China. Tuna watoto wanaohifadhi juzuu nzima, wanaisoma kwa tajwidi isiyo na kasoro, na ukiwauliza aya moja ina maana gani kwa Kiswahili hawawezi kukueleza. Akaongeza kwa upole, na hili nalinukuu kwa heshima yake, kwamba kusoma kwao kuna thawabu zake na hakuna anayedharau kusoma huko. Lakini lugha yetu imetenga kuhifadhi na kufahamu tangu zamani, na hakuna anayemwita mwenye kuhifadhi mfasiri.

Mjadala uliofuata ulikuwa wa kiwango nisichokitarajia katika kozi ya shilingi 3,000. Mama mmoja muuguzi alipinga: mtoto yule yule aliyehifadhi bila kufahamu, miaka kumi baadaye amefahamu, na hakuna anayeweza kuitaja siku ambayo ufahamu uliingia. Kama ufahamu hujengeka polepole juu ya kilichohifadhiwa, kwa nini tuwe na hakika kwamba mashine haiwezi kuipita njia hiyo? Ustadhi akajibu kwamba mtoto hakufika huko kwa kuhifadhi zaidi. Alifika kwa sababu alikaa na mwalimu, akafunga, akazika wazee wake, akaona maneno yakitumika. Mwalimu alitumia nafasi hiyo kueleza jibu maarufu la wapinzani wa Searle, kwamba anayeelewa ni mfumo mzima, mtu, kitabu na chumba kwa pamoja, na kwamba kumwangalia mtu peke yake ni kama kuuliza kama kidole cha yule kijana wa boti kinajua kujumlisha. Akatoa na jibu la Searle: mtu akikihifadhi kitabu chote kichwani na kutoka nje uwanjani, mfumo mzima sasa uko ndani yake, na bado hajui Kichina. Hakutuambia nani ameshinda. Nilirudi nyumbani nikipita vichochoro vya Langoni, na kwa mara ya kwanza nikawa na msamiati wa ile insha yangu: mashine ilihifadhi kalafati, haikufahamu kalafati. Nilidhani nimepata jibu.

Jioni ya tano ililitikisa jibu hilo kutoka upande mwingine. Tulielezwa mafanikio ya mwanzo, kama programu ya Allen Newell, Herbert Simon na Cliff Shaw ya mwaka 1956 iliyothibitisha nadharia 38 kati ya 52 za mwanzo za sura moja ya kitabu maarufu cha mantiki, na kilele cha njia hiyo ya kuiandikia mashine kanuni, kompyuta ya Deep Blue iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwenye sataranji mwaka 1997. Kisha tukaelezwa kilichowashinda: mashine zilizoweza sataranji hazikuweza kutembea chumbani bila kugonga kiti. Hubert Dreyfus, mwanafalsafa wa Marekani, alikuwa ameonya tangu kitabu chake cha mwaka 1972 kwamba ujuzi mwingi wa mtu hauko katika umbo la kanuni, kwa hiyo hauwezi kutolewa kichwani ukaandikwa. Mwalimu akamgeukia mzee wetu nahodha na kumwuliza anajuaje kama maji ya Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, yanatosha kupita. Mzee alitaja kanuni kwa utaratibu: siku za mwezi, bamvua au maji mafu, uzito wa shehena, upepo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hayo ndiyo ninayomwambia kijana. Mimi mwenyewe natazama maji yanavyokunjamana kwenye mikoko." Akaulizwa yanakunjamana vipi. Akainua kiganja, akakitikisa polepole, akatafuta neno na hakulipata.

Hoja ya Dreyfus ilikuwa imesimama pale mbele yetu kwa mwili wake, na dai la mwaka 1955 likaonekana lina ufa mkubwa. Jioni iliyofuata ilipaswa kuuingia ufa huo, kwa sababu mashine za leo zimejengwa kwa njia nyingine kabisa. Hazipewi kanuni za mkunjo wa maji. Hupewa mifano maelfu kwa maelfu na kuachiwa zirekebishe namba zake za ndani mpaka makosa yapungue. Je, hilo linamjibu Dreyfus, au linamthibitisha? Hilo ndilo swali nililolipia ada, na hapa naanza malalamiko yangu.

Jioni ya sita ilibeba kila kitu kilichotokea tangu mwaka 1958 hadi leo. Tulionyeshwa perseptroni ya Frank Rosenblatt, mtandao wa mwanzo uliojifunza kwa mifano, kisha kitabu cha Minsky na Seymour Papert cha mwaka 1969 kilichoonyesha kwamba mtandao wa tabaka moja hauwezi hata kutambua "ama hiki ama kile lakini si vyote viwili". Tukaruka hadi mwaka 1986, David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walipoeleza njia ya kurudisha kosa nyuma tabaka kwa tabaka. Tukaruka tena hadi ushindi wa timu ya Hinton katika shindano la kutambua picha mwaka 2012. Programu ya AlphaGo kumshinda Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa Go, michezo minne kwa mmoja mwaka 2016. Muundo wa transfoma, ulio msingi wa programu za mazungumzo za leo, mwaka 2017. Na programu za mazungumzo zilizosambaa tangu mwishoni mwa 2022. Picha zilibadilika ukutani kabla mtu hajamaliza kusoma kichwa cha habari. Hakukuwa na komwe, hakukuwa na kadi. Fundi aliyetuelewesha Turing kwa kidole cha kijana alitusomea orodha ya miaka, na nilihuzunika, kwa sababu najua alikuwa na uwezo wa kufanya vinginevyo.

Nilipoisoma insha yangu mbele ya darasa, kwa ruhusa ya mwanafunzi na bila jina lake, mwalimu alinijibu kwa dakika tatu, na jibu lilikuwa sahihi. Programu ya namna ile imefunzwa kukisia kipande cha neno kinachofuata kutokana na vilivyotangulia; sentensi ya kalafati ilikuwa inawezekana kabisa kwa mwenendo wa lugha, na maandishi ya Kiswahili kwenye intaneti ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza, sembuse yale yanayoeleza kazi za mafundi wa Matondoni. Lakini dakika tatu hazikutosha kuuliza kilichofuata. Hoja ya Searle ilihusu kitabu cha kanuni zilizoandikwa na mtu; je, inabaki na nguvu pale ambapo hakuna aliyeziandika kanuni, na hata waundaji hawawezi kuzisoma? Mwanasaikolojia Stevan Harnad aliuliza mwaka 1990 alama zinapataje maana bila kugusa dunia, kama mtu anayejifunza lugha kwa kamusi ya lugha hiyo hiyo pekee. Hili ndilo tatizo la kalafati lenyewe, na lilitajwa kwa sentensi moja. Na mimi mwenyewe sijawahi kushika nyundo ya kalafati. Nayajua haya kwa kusikia na kuona kwa mbali. Tofauti yangu na programu ile iko wapi hasa? Nilitoka bila kulijadili. Mshiriki anayemaliza kozi hii anaweza kubishana kwa ufasaha mkubwa na mashine ya mwaka 1980, na kwa kigugumizi na ile iliyomo mfukoni mwake.

Katika haraka hiyo hiyo walipotea watu. Inafahamika kwamba baadhi ya programu hizi zilisafishwa kwa kazi ya vijana wa Nairobi waliosoma na kuyawekea alama maandishi ya ukatili kwa malipo madogo. Kozi inayouliza akili inatoka wapi, tena inayofundishwa Kenya, haina udhuru wa kunyamaza kuhusu akili za vijana hao.

Lalamiko la pili ni maandishi. Mwalimu alifundisha kwa Kiswahili kizuri kwa jioni zote sita, lakini kijitabu cha kurasa 36 tulichopewa kilikuwa cha Kiingereza kitupu. Mzee nahodha alikikunja akakitia mfukoni bila kukifungua. Bibi mfumaji, aliyetunga kitendawili kilichofanya kazi kuliko swali lolote lililomo kitabuni, hana atakachokirudia nyumbani. Nilipowauliza waandaaji, waliniambia istilahi za Kiswahili hazijatulia. Ni kweli hazijatulia, lakini jioni ya kwanza yote ilithibitisha kwamba kutotulia kwake ni mali; tulijifunza zaidi kwa kugombana na neno "bandia" kuliko tungalivyojifunza kwa neno lililokwishafungwa.

Kwa anayetaka kwenda: ngazi za nyumba ni za mwinuko mkali na hazina mshikizo, kwa hiyo mwenye magoti mabovu aulize kwanza. Wanawake na wanaume huketi pande mbili za chumba kimoja na wote huzungumza kwa uhuru. Umeme ulikatika jioni mbili kati ya sita, na hakuna somo lililopotea kwa sababu hiyo. Huhitaji hesabu zaidi ya kujumlisha. Ukikosa jioni moja, usikose ya kwanza wala ya nne. Kwa ada ile ningekwenda tena, na nimewashauri walimu wenzangu watatu wajiandikishe.

Waandaaji wamenieleza kwamba awamu ijayo itakuwa ya jioni nane, mbili za nyongeza zikiwa za mashine zinazojifunza kwa mifano, na ada itapanda hadi shilingi 4,000. Nami nimejitolea kukitafsiri kijitabu. Nimemaliza kurasa 12 na nimekwama kwenye ya 13, ambako neno moja la Kiingereza linarudi mara tisa, na kwa Kiswahili mahali pengine linataka kuelewa, pengine kufahamu, pengine kutambua. Nimempelekea ustadhi ukurasa huo, na Alhamisi tutakaa naye barazani kwake, tulipitie neno hilo mahali pote tisa.